Kongosho la kifaranga na sufuria ya soya

Jumamosi ile nilipima vifaranga 30 kati ya 240, mmoja mmoja, ndani ya bakuli la plastiki juu ya mizani ya jikoni. Walikuwa wametimiza wiki 4. Mwongozo wa aina ya kuku wa mayai ninaofuga unataka kifaranga wa umri huo awe na gramu 270 hivi. Wastani wa wangu ulikuwa 192. Nikawarudia wale 10 wa kwanza nikidhani mizani imeharibika. Mizani ilikuwa nzima.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba walikuwa wanakula. Kifaranga mgonjwa hujikunyata pembeni, anafumba macho, unajua kabisa kuna jambo. Hawa walikimbilia chakula, vyombo vikaisha kila siku, lakini miili haikuonekana. Manyoya ya mabawa yalitoka membamba na yenye mianya. Kinyesi kilikuwa kinanata, kinaganda sehemu ya haja, na maranda chini yalikuwa na unyevu hata pale palipokuwa mbali na maji. Nilikuwa nimewapa chakula nilichokipigia hesabu mwenyewe kwa kalamu na daftari, protini asilimia 18 na kidogo juu, nikakihakiki mara tatu.

Kwa miaka 9 ya kufuga nilikuwa nategemea unga wa samaki kwa sehemu ya protini. Nikachoka. Mara umejaa mchanga, mara umechacha, mara mayai yanatoa harufu. Kwa kundi hili niliamua protini yote itoke kwenye mimea: soya na mashudu ya alizeti. Soya nzima ina protini kati ya asilimia 36 na 40 na mafuta karibu asilimia 18 hadi 20. Kwenye karatasi hakuna mmea unaoikaribia kwa bei na kwa ubora. Tatizo ni kwamba kuku hali karatasi, na mimi wakati ule nilikuwa nimeiamini karatasi kupita kiasi.

Kifaranga mmoja akafa usiku wa Jumapili. Nikamwomba daktari wa mifugo aje ampasue mbele yangu.

Alimlaza chali juu ya gunia, akafungua tumbo kwa mkasi mdogo, akavuta pembeni firigisi na ini. Kisha akauinua kwa ncha ya kisu ule utumbo wa mwanzo unaojikunja kama pini ya nywele. Katikati ya mkunjo huo, kati ya mkono mmoja wa utumbo na mwingine, ndipo kongosho linapokaa, kinyama chembamba cha rangi ya waridi iliyopauka.

“Mama, hebu sogea uone,” akaniambia. “Hili kongosho ni kubwa mno kwa kifaranga wa mwili huu. Limejaza mkunjo wote. Mnawapa soya?”

“Tunawapa, daktari. Lakini tunaikaanga kwanza.”

“Mnaikaanga, au mnaipasha moto tu?”

Nikamletea konzi ya soya kutoka kwenye pipa. Ilikuwa na rangi nzuri ya kahawia. Akachukua punje, akaigawa kwa kisu, akanipa nusu yake nitafune. Ganda lilikuwa na ladha ya kitu kilichoiva. Ndani kulikuwa na ule ubichi wa maharage, wenye uchungu kidogo, unaobaki kwenye ulimi. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anakaanga, kwenye karai kubwa, moto mkali, gunia zima kwa mikupuo michache. Nje iliiva, ndani haikuguswa. Sikumlaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia “ikishabadilika rangi itoe”.

Sasa nieleze kinachotokea, maana watu wengi wanajua kwamba soya mbichi ni mbaya kwa kuku bila kujua ubaya wake uko wapi.

Kongosho la kuku hutoa vimeng'enya vya kukata protini. Kimojawapo ni tripsini. Soya mbichi ina vitu vinavyoitwa vizuizi vya tripsini: vinajibana kwenye kimeng'enya hicho kama kufuli kwenye mlango, nacho hakikati tena kitu. Protini inapita utumboni ikiwa nzima nzima. Mwili wa kifaranga unahisi tripsini imepungua, unaliamuru kongosho litengeneze nyingine. Nayo inafungwa. Linatengeneza tena. Ndiyo maana linavimba: linafanya kazi bila kupumzika na bila kufika popote.

Kuna hasara ya pili iliyojificha ndani ya hiyo ya kwanza, na ndiyo iliyonishtua nilipoielewa. Vimeng'enya navyo ni protini, na vina kiasi kikubwa cha asidi za amino (matofali ya kujengea protini) zenye salfa. Kila tripsini inayofungwa na kutoka na kinyesi inaondoka na salfa hiyo. Na soya, pamoja na sifa zake zote, upungufu wake mkubwa ni methionini, asidi ya amino yenye salfa ambayo kuku anaihitaji kujenga mwili na manyoya. Kwa hiyo soya mbichi haimnyimi kifaranga tu. Inamnyang'anya hata kile kidogo alichokuwa nacho, tena kile kile ambacho yenyewe haina cha kutosha. Yale mabawa yenye mianya yalikuwa yananieleza habari hiyo wiki nzima, mimi sikujua kusoma.

Jambo hili si geni. Mwaka 1917 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Osborne na Lafayette Mendel, waliwalisha panya soya mbichi wakashindwa kukua, wakawalisha iliyopikwa wakakua. Mwaka 1945 Moses Kunitz akafanikiwa kukitenga kizuizi chenyewe kikiwa safi, kikiwa fuwele. Ni zaidi ya miaka 100 tangu ijulikane kwamba moto ndio unaoitengeneza soya, na bado kila mwaka kuna mtu anarudia kosa langu, maana maneno “kaanga soya” yanaonekana ni maelekezo kamili wakati si kamili.

Vifaranga ndio wanaoumia zaidi. Kuku mkubwa anayetaga huvumilia soya ambayo haikuiva vizuri kuliko mtoto wa wiki 2, ingawa naye hapendezwi nayo. Ukiwa na mashaka na soya yako, usiipime kwa vifaranga.

Basi tukarekebisha. Na hapo nikafanya kosa la upande wa pili.

Kwa woga, mzigo uliofuata niliusimamia mwenyewe, nikaukaanga mpaka ukawa mweusi-mweusi, unanukia kama kahawa. Nikaona sasa hakuna kizuizi kitakachopona. Kwa upande huo nilikuwa sahihi. Vinyesi vilikauka, maranda yakawa makavu, nikafurahi. Baada ya wiki mbili nikapima tena: walikuwa wameongezeka, lakini bado nyuma ya mwongozo, na wameanza kudonoana manyoya ya mkiani.

Moto ukizidi, sukari iliyomo kwenye soya inashikana na laisini, asidi nyingine ya amino. Ni mabadiliko yale yale yanayoupa mkate ganda la kahawia na harufu yake tamu. Laisini iliyoshikana hivyo kuku hawezi kuitumia. Inaingia na kutoka. Na laisini ndiyo sababu kubwa ya sisi kununua soya, kwa kuwa mahindi hayana ya kutosha. Yaani nilikuwa nimekimbia mamba nikaingia kwenye kundi la nyuki.

Nilipeleka sampuli ya mzigo ule maabara. Jibu likarudi: protini asilimia 38. Safi kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa ile namba inayoandikwa kwenye mifuko. Maabara haipimi protini moja kwa moja. Inapima naitrojeni, kwa njia aliyoibuni mwanakemia wa Denmaki, Johan Kjeldahl, mwaka 1883, kisha inazidisha kwa 6.25, kwa kuwa protini kwa kawaida ina naitrojeni asilimia 16 hivi. Naitrojeni haiondoki kwa soya kuwa mbichi, na haiondoki kwa kuungua. Soya mbichi, iliyoiva na iliyoungua zote tatu zinaweza kukupa asilimia 38. Kuku wako watakupa majibu matatu tofauti.

Tangu siku hiyo muuzaji akiniambia “mashudu haya yana protini asilimia fulani”, swali langu la pili ni: yamepitia moto gani, na kwa muda gani?

Vipo vipimo viwili ambavyo viwanda hutumia, na ni vizuri mfugaji ajue maana yake hata kama hana maabara. Cha kwanza kinahusu ureasi, kimeng'enya kilichomo kwenye soya. Ureasi haina madhara makubwa kwa kuku yenyewe, lakini hufa kwa moto kwa mwendo unaokaribiana na ule wa vizuizi vya tripsini, na ni rahisi kuipima. Unga wa soya unachanganywa na urea, ureasi iliyo hai inaigeuza urea kuwa amonia, na kupanda kwa pH (namba inayopanda uchachu unapopungua) kunasomwa. Kupanda huko kukiwa kati ya 0.05 na 0.20, soya imeiva vizuri. Kukipita hapo, bado kuna ubichi. Kipimo cha pili kinaangalia ni protini kiasi gani inayeyuka kwenye maji yenye potasiamu haidroksaidi kidogo. Soya nzuri inayeyusha asilimia 78 hadi 85 hivi ya protini yake. Ikishuka chini ya 70, imeungua. Vinahitajika vyote viwili, kwa sababu ureasi ikishakufa imekufa. Haiwezi kukuambia kama ulizima moto kwa wakati au uliendelea kwa nusu saa nyingine.

Cha kwanza nakifanya nyumbani, kwa namna yangu, kila mzigo.

Nasaga punje chache za soya iliyopikwa, nazichota kutoka sehemu mbalimbali za mzigo, juu, chini na pembeni. Naweka vijiko viwili kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko. Naongeza kijiko kimoja cha urea, hii hii ya mbolea, na vijiko vitano vya maji ya uvuguvugu. Maji yasiwe ya moto, yataiua ureasi yenyewe na kipimo kitakudanganya. Natikisa, nafunika, naacha dakika 20. Kisha nafungua na kupitisha mkono juu ya mdomo wa chupa kuelekea puani, sivuti moja kwa moja. Soya ikiwa mbichi, harufu ya amonia inakupiga, ile ya banda lililosahauliwa kufagiliwa. Ikiwa imeiva, unasikia harufu ya soya tu. Ili nisijidanganye, huwa naweka chupa ya pili yenye soya mbichi kabisa ya kulinganishia. Mchanganyiko wa chupa zote mbili namwaga mbali, pale kuku wasipofika. Urea si chakula cha kuku.

Mara ya kwanza kufanya jaribio hili nilitumia ile soya ya mdogo wangu iliyokuwa imebaki kwenye pipa. Dakika 20 hazikufika. Nilifungua baada ya 10 macho yakanitoka machozi. Nikamwita naye anuse. Hakusema kitu, alibaki ameishika chupa. Toka siku hiyo yeye ndiye anayefanya kipimo, na hakuna gunia linaloingia kwenye mashine ya kusaga kabla hajasema ndiyo.

Upande wa kuungua naupima kwa macho na kwa ulimi. Nagawa punje 20 katikati. Zote ziwe na rangi moja ndani, manjano inayoelekea dhahabu. Zikiwa na kahawia iliyoingia mpaka katikati, mzigo ule hauendi kwa vifaranga. Nauchanganya kidogo kidogo kwenye chakula cha wakubwa.

Karai nimeliacha. Moto mkavu huingia kwenye punje kwa shida, ndiyo maana nje inaungua ndani ikiwa mbichi. Unyevu ndio unaobeba joto mpaka kwenye kiini. Viwanda hutumia mvuke, au mashine inayoisukuma soya kwenye tundu finyu chini ya mgandamizo, joto likapanda kupita nyuzi 130 kwa muda mfupi sana. Mimi nina sufuria. Naloweka soya jioni hadi asubuhi, namwaga maji yale, naweka mengine, na kuanzia maji yanapochemka nahesabu dakika 30. Namwaga, natandaza juani kwenye turubai kwa unene wa kidole, nageuza kila baada ya muda mpaka punje ikilia ikivunjwa kwa meno. Ni kazi ya siku mbili au tatu kutegemea jua. Maji ya kulowekea yana faida nyingine: yanaondoka na sehemu ya rafinosi na stakiosi, sukari ambazo kuku hana kimeng'enya cha kuzimeng'enya. Hizo ndizo zinazochangia kinyesi cha kunata na maranda yenye maji, na maranda yenye maji ndiyo yanayochoma nyayo za kuku.

Jambo moja kuhusu kusaga: soya nzima bado ina mafuta yake yote, na ukishaisaga mafuta yale yanakutana na hewa yanaanza kuchacha. Nasaga ya wiki moja na nusu tu. Punje kavu zinakaa, unga haukai.

Soya ikishaiva, kazi imefika nusu. Nusu ya pili ni kuipatia mwenzake.

Mwili wa kuku hujenga protini yake kwa asidi za amino kwa uwiano maalumu. Moja ikipungua, ujenzi unasimama pale, hata kama nyingine zimejaa tele. Zilizozidi haziwekwi akiba. Zinavunjwa na naitrojeni yake inatoka na kinyesi, unaisikia bandani kama amonia. Kwa chakula cha mahindi na soya, ya kwanza kupungua huwa methionini, ya pili laisini. Alizeti ni kinyume cha soya: ina methionini nzuri, laisini yake ni ndogo. Ufuta vilevile, methionini nyingi, laisini haba. Ukiwaweka pamoja kila mmoja anaziba tundu la mwenzake. Ndiyo maana mimi simwelewi mtu anayeuliza “lipi bora, soya au alizeti?”

Kwa vifaranga wa mayai hadi wiki 6, jedwali la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani la mwaka 1994 linataka protini asilimia 18, laisini 0.85 na methionini 0.30. Aina za kuku za siku hizi zinakua haraka zaidi, kwa hiyo mimi nazichukulia hizo kama sakafu. Mchanganyiko wangu wa sasa kwa kila kilo 100 ni mahindi kilo 50, pumba za ngano 10, soya iliyopikwa 25, mashudu ya alizeti yaliyopunguzwa maganda 11, na kilo 4 zilizobaki ni chokaa, fosfeti ya kalisi, chumvi na primiksi ya vitamini na madini. Ukipiga hesabu unapata protini karibu 18.5, laisini karibu 0.88, methionini kama 0.31. Juu ya hapo naongeza gramu 100 za methionini ya kiwandani.

Hizo gramu 100 zinawatisha watu, na pia zinawaponza. Ni unga mweupe kidogo sana ndani ya kilo 100. Ukiumwaga tu juu ya lundo na kugeuza mara tatu kwa koleo, kuku mmoja atapata zote na 50 hawatapata kitu. Nauchanganya kwanza na kilo moja ya pumba, kisha kilo 5, kisha ndio uende kwenye lundo. Nasema wazi kwa wale wanaoamini kwamba kila kitu cha kiwandani ni sumu: hii ni asidi ya amino ile ile anayoihitaji, na kuikataa huku ukiongeza soya ili “protini ipande” ni kumlazimisha kuku ameze rundo la asidi asizozihitaji ili afikie moja anayoihitaji.

Kuhusu maganda ya alizeti: angalia unachonunua. Mashudu yaliyokamuliwa na maganda yote yanaweza kuwa na nyuzinyuzi zaidi ya robo ya uzito wake. Kifaranga anajaza tumbo kabla hajajaza mahitaji. Mimi nayachekecha baada ya kuyasaga, na kinachobaki juu ya chekeche nawapa mbuzi.

Kuna kitu kimoja kwenye mbegu zote hizi ambacho moto haukigusi sana, nacho ni faiteti. Karibu theluthi mbili ya fosforasi iliyomo kwenye nafaka na mashudu imefungwa humo, na kuku hana faitesi ya kutosha ya kuifungua. Tena faiteti inashika pia kalisi, zinki na hata protini. Kimeng'enya faitesi cha kuongeza kwenye chakula kilianza kuuzwa mwaka 1991, na kwa maoni yangu ndiyo nyongeza inayolipa kuliko nyingine zote ukiacha methionini. Kiasi cha kawaida ni yuniti 500 kwa kilo ya chakula. Kihifadhi mbali na joto, na kamwe usikitie kwenye chakula ambacho bado ni cha moto. Zile pumba za ngano kilo 10 pia zipo pale kwa sababu: zina faitesi yake ya asili.

Mashudu mengine nayapitia haraka kwa kuwa siyatumii sana. Ya pamba yana gosipoli, inayoishika laisini na, kwa kuku wanaotaga, kukifanya kiini cha yai kiwe na rangi ya kijani iliyofifia hasa yai likikaa. Viwanda huongeza salfeti ya chuma ili kuifunga. Mimi naona heri niwaachie ng'ombe. Kunde na mbaazi nazo zina vizuizi vya tripsini, vichache kuliko vya soya, zipike vilevile. Ya karanga ni matamu na kuku wanayapenda, ila hapo adui ni sumukuvu, sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, na sumukuvu haifi kwa kupikwa. Mwaka 1960 kule Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa ugonjwa usiojulikana, na chanzo kikaja kuonekana kuwa ni mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Jina lenyewe la sumu hiyo lilizaliwa kutokana na uchunguzi ule. Ukiona ukungu hata kidogo, usichambue. Tupa.

Watu wananiuliza sana juu ya kuchachusha. Ninachachusha, kwa vifaranga wa wiki ya 2 hadi ya 6, na nimeona tofauti, hasa kwenye kinyesi. Soya iliyokwisha kupikwa na kusagwa pamoja na alizeti naitia maji mpaka ukiikamata kwa ngumi inashikana lakini haidondoshi tone. Naongeza konzi mbili za mzigo uliopita ziwe chachu, naishindilia kwenye ndoo isibaki hewa, nafunika kwa nailoni na mfuniko. Siku ya tatu ikifunguliwa inatakiwa inuke uchachu mtamu, kama maziwa ya mgando. Bakteria wa uchachu wanakula zile sukari za soya zilizobaki, wanapunguza faiteti, na wanaanza kuikata protini kabla kuku hajaimeza. Inayofunguliwa inaliwa siku hiyo hiyo. Ikinuka kama uozo, au ikiwa na doa la kijani au jeusi, ndoo nzima inaenda shimoni. Nimewahi kutupa ndoo tatu mfululizo msimu wa mvua na roho iliniuma, lakini vifaranga wangu hawakuonja hata chembe.

Ila uchachushaji haupiki soya. Nimemkuta mfugaji mwenzangu, mtu makini na ninayemheshimu, anachachusha soya mbichi akiamini siku tatu za ndoo zinatosha. Nikamwomba tufanye kipimo cha chupa. Alinusa mwenyewe. Tulikaa mchana ule pale pale kwake tukachemsha gunia lililobaki, dakika 30 kwa saa, tukishika zamu za kukoroga.

Kuotesha pia hupunguza faiteti na zile sukari, lakini kukausha mbegu iliyoota bila kupata ukungu ni kazi nisiyoiweza kwa kundi la mamia.

Kundi nililonalo sasa ni vifaranga 260. Wametimiza wiki 4 jana. Tumepima 30 kama kawaida, mdogo wangu akishika bakuli, mimi nikiandika. Mwepesi kabisa alikuwa na gramu 241, mzito 302, wastani 276. Mabawa yamefunga vizuri, ukilinyoosha bawa mbele ya dirisha mwanga haupiti katikati ya manyoya. Kuna soya nyingine imelowekwa tangu jioni; asubuhi inakwenda motoni, na chupa mbili zimeshaoshwa zinakauka dirishani.